Gome la Mama Mkwe

Kuna watu waliopewa mashamba na Mungu, wengine wakapewa ng'ombe, wengine akili. Nyongesa alipewa koo. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, kifua mbele, kila alipopata mtu wa kumsikiliza pale landi, nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru. Asipopata mtu, aliwaambia kuku.

Na tusimwonee, hakuwa anadanganya. Mwaka ule wa hamsini na saba genge lake ndilo lililokuwa likitengeneza njia ya reli kati ya Nakuru na Gilgil, na aliyewahi kuinua reli anajua kuwa mikono peke yake haitoshi. Wanaume ishirini wakishika mitaimbo na kila mmoja akavuta kwa wakati wake, reli inawatazama tu. Lazima awepo wa kuwaimbia. Huyo hashiki kitu. Anasimama kando, anatoa mstari, wenzake wanaitikia, na pale kwenye kuitikia ndipo nguvu zote zinapoingia kwa pamoja. Mwimbaji huyo alikuwa Nyongesa mwana wa Khaemba. Kwa ajili ya koo alifanywa mnyapara. Kwa ajili ya unyapara alipewa chumba cha peke yake, asilale na makapera sita kama zamani. Na kwa ajili ya chumba mkewe Nanyama aliweza kutoka Kimilili akaja kukaa naye, akamzaa Simiyu pale pale Nakuru, na binti yao Nekesa akaingia shule ya mjini. Yote hayo yalikuwa yananing'inia kooni mwa mtu mmoja.

Basi sikia jinsi mtu mwenye mali kama hiyo alivyoitunza.

Jumamosi ya mshahara alikuwa kilabuni, busaa imemkaa vizuri, akieleza habari za koo. Kiprugut, kijana wa genge lake mwenye shingo nene na maneno machache, akasema tu, "Mnyapara, sauti yako ilikuwa kubwa zamani."

"Zamani?" Nyongesa akasimama. "Zamani gani? Mimi nikiita hapa, Menengai inaitika!"

"Mlima unaitikia kila mtu," Kiprugut akajibu, akanywa.

Watu wakacheka. Mtu mwenye akili angecheka pia na kuagiza kikombe kingine. Nyongesa akatoka nje, akawaita wote watoke, na kwa kuwa garimoshi la mizigo lilikuwa linaingia stesheni likipiga king'ora, akasema atalishinda. Akapanda juu ya pipa. King'ora kikalia, naye akalia. Kikalia tena, naye akalia tena, mishipa ya shingo imemtoka. Watu walishika mbavu. Garimoshi likaingia stesheni na sauti yake nzima. Nyongesa akafungua kinywa kutangaza ushindi, na hapakutoka kitu.

Nyumbani alimwonyesha Nanyama koo kwa kidole, kisha akaonyesha upande wa Kariandusi, kule wanakochimba yale mawe meupe laini ambayo vumbi lake hupeperuka mpaka njia ya reli. Yaani, ni vumbi.

"Vumbi," Nanyama akasema. Tayari alikuwa amesikia habari za pipa kwa watu watatu.

*

Wiki nzima Nyongesa alifanya unyapara kwa ishara za mikono, na Kiprugut akaimba badala yake. Sauti ya Kiprugut ilikuwa nzito, lakini haikuwa na maneno. Alijua wimbo mmoja wenye mistari miwili. Kufika saa nne wanaume walikuwa wamechoka nao kuliko walivyochoka na reli.

Nyongesa alikwenda zahanati, akapewa dawa ya maji yenye rangi nzuri na kuambiwa apumzishe koo. Alikunywa dawa, kupumzisha koo akakusahau. Kila asubuhi alilijaribu, na kila alipolijaribu lilikwaruza zaidi.

Ijumaa akaja mkaguzi wa njia, Inspekta Gurdit, Kalasinga mwenye ndevu zilizofungwa vizuri na toroli lake la kusukumwa. Alisimama, akasikiliza ule wimbo wa mistari miwili, akauliza, "Mnyapara nani hapa?"

Nyongesa akainua mkono.

"Iko gonjwa?"

Nyongesa akatikisa kichwa: hapana. Hofu humfanya mtu mwongo hata bila kusema.

"Jumatatu naweka reli mpya kona ya Kariandusi. Mimi nakuja. Nasikia wewe naimba, mzuri. Hapana sikia, huyu kijana nakuwa mnyapara, wewe nashika mtaimbo." Akapanda toroli lake, akaenda. Hakuwa mtu mbaya, reli zilimkalia shingoni tu.

Kushika mtaimbo si aibu. Nyongesa aliushika miaka mingi. Lakini mshika mtaimbo halali katika chumba cha mnyapara, na mke wake halali Nakuru. Alirudi landi akamkuta Nekesa mlangoni na kipande cha makaa, anaandika jina lake sakafuni. Alikuwa amefika herufi ya tatu. Nyongesa alipita kando ili asimkanyagie jina, akaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliogopa kweli kweli.

*

Hapa lazima mama mkwe aingie, na hapo ndipo penye mambo.

Truphosa, mama yake Nanyama, alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Sasa, kwa watu wa kwao, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaingii chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo inataka mtu awe na miguu myepesi: akimwona mkwe anatokea huku, yeye anatokomea kule. Kwa hiyo Truphosa alilala kwa jirani, Anyango, mjane wa Kijaluo aliyekuwa akikaanga samaki na kuuza pale mlangoni, ambaye chumba chake kiligusana ukuta na cha Nyongesa.

Mpaka juma lile mipango ilikwenda sawa, na sababu yake ilikuwa ile ile sauti. Truphosa hakuhitaji kuuliza kama mkwe yuko nyumbani. Akiwapo, landi nzima ilijua. Akianza kusikika kule kwenye bomba la maji, mama mkwe alikuwa na nafasi ya kumlaza mtoto, kukunja leso yake, na kutoka polepole bila kukimbizwa.

Sasa Nyongesa alikuwa kimya, na hakuna aliyekumbuka kwamba kimya chake ni hatari.

Jumamosi baada ya kazi ya nusu siku alikuwa peke yake chumbani, Nanyama amekwenda sokoni na watoto. Alikuwa ameketi kitandani na fulana tu na kaptura kuukuu, anajiangalia kooni kwa kioo kidogo, mdomo wazi. Akasikia viatu mlangoni, na sauti ya Truphosa: "Nanyama, nimepata ile dawa ya mume wako. Ni Chepkosgei wa Olenguruone ameileta—"

Na mlango huo, unafunguka.

Mtu mwingine angejifunika shuka. Angegeuka ukutani. Angeweza hata kukohoa, kwani kukohoa alikuwa anaweza. Nyongesa hakufikiri lolote kati ya hayo. Palikuwa na dirisha dogo nyuma, la kutoa moshi, lililo juu ya kitanda, na akili yake yote ilikwenda huko, na yeye akaifuata kichwa mbele.

Kichwa kilipita. Mabega yalipita, moja baada ya jingine. Tumbo la unyapara likakataa.

Hebu nawe jiweke pale. Kichwa kiko nje, kinawatazama kuku. Miguu inapigapiga hewa ndani. Na kilicho katikati, ndani ya kaptura iliyochanika pale pale pasipotakiwa, kinamkaribisha mama wa mkewe, msharika wa kanisa la Friends, mwanamke ambaye kwa miaka tisa hakuwa amemwona hata uso.

Nyuma yake alisikia pumzi ikivutwa. Akasikia kitu kikiwekwa juu ya meza, polepole, kama mtu anavyoweka sadaka. Kisha viatu vikarudi nyuma, kinyumenyume, na mlango ukafungwa kwa adabu kabisa.

"Yawa!" Anyango alikuwa anamwaga maji machafu nyuma ya nyumba. Akaweka karai chini. "Baba Nekesa, unatoka ama unaingia?"

Nyongesa akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Ngoja." Anyango akamshika makwapani, akaweka mguu ukutani, akamvuta kama anayemtoa ndama kwa mama yake. Alianguka naye katika matope. "Mzima," Anyango akasema, akimkagua. "Dume." Akaenda zake akicheka mpaka akashika ukuta.

*

Juu ya meza palikuwa na fungu la maganda ya mti, ya rangi ya udongo, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Nyongesa alilijua kwa kusikia. Lilikuwa gome la soget, mti wa misitu ya Mau. Vibarua wengine walilitafuna baridi ikizidi. Akamega chembe, akaweka ulimini. Lo! Ukali wa pilipili ulimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya ukali ukaja uvuguvugu mzuri kooni. Alivuta pumzi na ilipita.

Dawa ilikuwa inafanya kazi. Angeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi na yeye mwenye heshima.

Lakini Nyongesa hakuwa na mtu wa kumwambia kiasi, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa ametoka kinyumenyume na maelezo yake mdomoni. Na kwenda kumuuliza, baada ya lile la dirishani? Afadhali akatwe koo lenyewe. Akapiga hesabu yake peke yake: kama chembe inafungua koo la kupumulia, fungu litafungua koo la kuimbia. Chembe ni za watoto. Yeye alikuwa mnyapara.

Akachukua sufuria ya chai. Akatia fungu lote. Akachemsha mpaka maji yakawa mekundu na macho yake yakatoa machozi kwa mvuke tu, akajiambia machozi ni dalili nzuri. Akamimina kikombe cha bati, akafumba macho, akanywa. Akamimina cha pili.

Yaliyofuata hayafai kusimuliwa mbele ya chakula. Moto ulishuka, ukafika chini, ukakuta hapana njia, ukarudi. Choo cha landi kilikuwa mwisho wa safu, milango kumi na minne, na katika kila mlango palikuwa na mtu aliyeketi Jumamosi hiyo akiota jua. Nyongesa alipita mbele yao mbio, mkono mdomoni. Akarudi mwendo wa maiti. Kabla hajafika kwake akageuka tena mbio. Mzee mmoja aliyekuwa akishona kiatu alianza kumpisha kabla hajaombwa.

Nanyama aliporudi alimkuta sakafuni, kichwa juu ya ndoo. Akanusa sufuria. Akatazama kamba ya mgomba, tupu.

"Lote?"

Nyongesa akaitikia kwa kichwa.

"Lote, Baba Nekesa? Hata sokoni wanauza kipande kwa kipande! Nani alikwambia uchemshe?"

Hakuna aliyemwambia. Ndiyo shida.

Nanyama akamlaza mtoto kitandani, akaketi, na badala ya kugomba akaanza kulia. Hilo lilimuuma Nyongesa kuliko gome. "Jumatatu ukikosa sauti, mimi nafunga mizigo," akasema. "Sitaki kurudi, usidhani nataka. Nekesa mwalimu anamsifu. Nilimwambia mama, Nakuru tumekaa. Nilimwambia hivyo juzi. Na wewe unashindana na garimoshi! Unashindana na dawa! Kuna kitu umewahi kukutana nacho ukakiacha kipite?"

Nyongesa alitaka kusema nisamehe. Alisukuma, akasukuma. Hata mlio haukutoka. Akamshika mkewe mguu, hapo chini alipokuwa, akaushikilia. Yeye mwanamume wa sauti kubwa kuliko wote kati ya Nakuru na Gilgil hakuwa na njia nyingine ya kuomba radhi. Nanyama aliuacha mguu wake ushikwe.

*

Jioni, taa zikiwashwa, ukuta ulisema.

Kuta za landi hazikufika juu. Zilisimama chini kidogo ya bati, na aliyekohoa huku aliambiwa pole kule. Lakini kwa siku zote zile Truphosa hakuwahi kusema neno kuelekea upande wa mkwe wake.

"Wewe ukuta," sauti ikasema, taratibu, sauti ya mwanamke aliyezoea kuomba kanisani. "Nina maneno na wewe. Sisemi na mtu. Nasema na ukuta."

Nyongesa akakaa wima.

"Ukuta, kama kuna mtu upande huo, na kama anasikia, labda agonge."

Nanyama akampa mwiko. Akagonga.

"Vizuri. Hilo gome nalijua tangu niko msichana. Jino likiuma, unabandika kidogo hapo. Kikohozi cha mtoto, unasaga kiasi cha chumvi ya yai moja, unatia kwa uji. Kifua cha baridi, koo, tumbo la kujaa, yote linasaidia. Marehemu baba yenu alikuwa anawapa hata ng'ombe. Ni dawa nzuri sana. Lakini ukuta, mimi sijawahi kuona mtu analifanya supu."

Upande wa pili Anyango akapiga chafya ambayo haikuwa chafya.

"Je, ukuta, mtu huyo alikunywa kikombe kimoja?"

Nyongesa akatazama mwiko. Akagonga mara mbili.

"Yesu wangu. Basi leo apewe uji mwembamba, baridi, na maziwa. Asiguse kitu kingine. Gome nimebakiza kidogo, kesho asubuhi nitatuma kipande, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Akiweke shavuni. Asitafune. Ameze mate polepole, na ukali ukiisha akiteme. Jioni kingine. Hicho ndicho kipimo. Lakini gome linafanya nusu ya kazi tu. Ile nusu ingine ni kunyamaza. Asijaribu sauti. Asinong'one, kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Koo ni kama kidonda, haliponi ukilifungua kila saa kuangalia kama limepona. Ataweza?"

Nanyama alimtazama mumewe. Nyongesa akagonga.

"Haya. Na ukuta," sauti ikashuka kidogo, "kuhusu mambo ya dirisha. Mtu huyo asione haya. Mimi ni mzee, macho yangu ni mabovu. Sikuona kitu."

Ilikuwa huruma kubwa, na ingeishia vizuri.

"Ila hiyo kaptura," Truphosa akaongeza, "ailete, niishone."

Anyango hakuweza tena. Kicheko chake kilipasuka, kikapita juu ya ukuta, na nyuma yake kikaja kingine, kinene, kilichozuiwa muda mrefu, cha mama mkwe mwenyewe. Nanyama akajificha uso kwa leso, mabega yakitikisika. Chumba cha tatu wakaanza, ambao walikuwa wamesikia yote. Nyongesa alikaa katikati ya vicheko hivyo na mwiko wake mkononi, masikio yakiwaka. Halafu akajiona. Alijiona kwa nje, vile kuku walivyomwona. Tumbo likaanza kumtetema, tumbo lile lile lililokuwa linamuuma, akacheka bila sauti mpaka akalala chali.

Jumapili alinyamaza. Kanisani wenzake walipoinuka kuimba aliinuka na kufunga mdomo, ukucha wa gome shavuni, machozi machoni, na mama mmoja akadhani ameokoka. Nyumbani alisikia mambo ambayo hakuwa amewahi kuyasikia, kwa kuwa siku zote alikuwa akisema: Nekesa alikuwa akimfundisha Simiyu majina ya stesheni, na Nanyama alikuwa na mzaha mkali wa chini chini, ambao labda ulikuwepo miaka yote.

*

Jumatatu kona ya Kariandusi ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Reli mpya ililala kando ya njia, na wanaume ishirini waliishika kwa mitaimbo. Inspekta Gurdit alisimama juu ya toroli, mikono nyuma. Kiprugut alikuwa ameosha shingo yake nene kwa heshima ya siku.

Nyongesa akatema gome. Hakuwa amelijaribu koo tangu Jumamosi, na hakujua kilichomo. Akaanza wimbo wake wa siku zote, ule wa kujisifu: *Simba wa Kimilili amekuja...*

Sauti ilikuwepo. Ilikuwa imerudi, ashukuriwe Mungu na Truphosa. Lakini ilikuwa nyembamba, yenye kutu, sauti ya bawaba ya mlango. Simba akatoka kama paka. Wa karibu walisikia wakacheka, wa mbali hawakusikia wakauliza wenzao wanacheka nini, na mitaimbo ikavutwa kila mmoja kwa wakati wake. Reli ikawatazama.

"Tena," Inspekta akasema.

Akarudia simba. Simba akafa njiani. Kiprugut alikuwa tayari amepiga hatua moja mbele, si kwa ubaya, kwa kazi tu.

Nyongesa alimwona akilini Nekesa, sakafuni na kipande chake cha makaa. Alijua kwamba kwa sauti hiyo hawezi kuwalazimisha watu wamsikie. Angeweza tu kuwafanya watake. Na kitu gani ambacho wanaume ishirini watanyamaza ili wakisikie? Alikijua. Tangu Jumamosi kilipita kutoka mlango mmoja wa landi hadi mwingine, lakini hakuna aliyekuwa amekipata kwa mwenyewe.

Akameza mate. Akaimba, taratibu, kwa ile bawaba yake:

"Nyongesa alikwama..."

Wa karibu wakageuka. "Amesema nini?"

"Dirishani alikwama..."

"Nyamazeni! Nyamazeni, anasema ya dirisha!"

Ukimya ukapita kwenye genge kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho. Hata wasukuma toroli walisogea. Katika ukimya huo sauti nyembamba ilitosha kabisa.

"Kichwa kikatoroka..."

"Haraambee!" wakaitikia, wote, na reli ikatingishika.

"Makalio yakabaki..."

"Haraambee!" Ikainuka.

"Yakapokea mgeni..."

"Haraambee!"

"Mgeni ni mama mkwe..."

Walinguruma. Watu wa Kimilili waliokuwa katika genge, ambao walijua uzito wa jambo lile, walilia machozi huku wakivuta. Reli ilikwenda hewani, ikapita juu ya kokoto, ikashuka juu ya mataruma mahali pake hasa, na walikuwa bado wanadai mstari mwingine. Akawapa wa supu. Akawapa wa choo, na milango kumi na minne. Walipoweka reli ya tatu jua halijafika utosini.

Inspekta Gurdit hakuelewa wanachekea nini, lakini macho yake yalielewa reli. Akamwita Nyongesa.

"Sauti iko kidogo," akasema. "Lakini watu nasikia. Wewe nabaki mnyapara."

"Asante, bwana."

"Nyimbo hii mzuri sana. Mimi nataka hii." Akapanda toroli. "Kila siku imba hii. Ile ya simba, wacha."

*

Basi ikawa kila siku. Sauti ilirudi yote, kwa ukucha wa asubuhi na ukucha wa jioni, na kadiri ilivyorudi ndivyo makalio ya Nyongesa yalivyosikika mbali zaidi, mpaka genge la Naivasha wakaujua wimbo, na watoto wa landi wakaurukia kamba.

Truphosa alifunga safari ya kurudi kwake baadaye, genge likiwa limehamishiwa upande wa Rongai. Garimoshi la abiria lilipita pale kazini pole pole, kwa kuwa njia ilikuwa mbovu, na wanaume wakasimama kando na mitaimbo yao. Nyongesa aliona leso ya kijani katika behewa la daraja la tatu. Akaijua. Miguu yake haikungoja amri, ikamrusha nyuma ya rundo la mataruma, akalala kifudifudi, uso kwenye kokoto, kama heshima inavyotaka.

Kiprugut, mtoto wa watu, akaona nafasi yake. Akajaza kifua.

"Nyongesa alikwama!"

Nyongesa alifumba macho. Aliomba Mungu genge lisiitikie. Genge halikuwahi kupata nafasi. Kutoka dirishani pa daraja la tatu, juu ya magurudumu na mvuke, ilitoka sauti ya mwanamke, nene, pana, isiyo na mkwaruzo hata mmoja:

"Haraambee!"

Na behewa zima likaitikia nyuma yake.

Inspekta Gurdit aligeuza shingo akalifuata garimoshi kwa macho mpaka likapinda. "Huyo mama," akasema, "huyo nani? Sauti hii! Huyo nataka kazi ya reli?"

Wanaume walikuwa wameinamia mitaimbo yao, hawawezi kusimama. Mkono ukainuka nyuma ya rundo la mataruma.

"Hawezi, bwana," Nyongesa akasema, mdomo umejaa vumbi, akicheka mpaka maneno yakamtoka vipande vipande. "Ni mama mkwe wangu. Yeye akiimba hapa, mimi nitakuwa nimelala hapa chini kila siku."